Masta wa Nani? Historia ya Lile Joho la MBA

Siku nzima ya mahafali mathe aliuliza swali moja tu, na hakuna mtu alikuwa na jibu.

Tulikuwa tumekaa chini ya hema, sahani za pilau magotini. Dada yangu mkubwa alikuwa bado amevaa joho na jua linawaka, juu picha zilikuwa hazijaisha. Mathe akamwangalia kutoka kofia mpaka viatu, kisha akasema, "Sasa mami, wamesema wewe ni masta. Masta wa nani?"

Sisi wote tukacheka. Mathe hakucheka. Huyu ni mtu ameuza mitumba miaka kumi na tisa, na hanunui kitu kabla ajue kinafanya kazi gani. Na hii MBA alikuwa ameinunua yeye. Semesta ya kwanza ilitoka kwa chama, ya pili ikatoka kwa kibanda, ya tatu ikatoka kwa mkopo ambao mpaka leo analipa kila Ijumaa. Kwa hivyo swali lake halikuwa la mchezo. Alikuwa anauliza vile mteja huuliza: hii inafanya nini?

Chuo chenyewe ni kidogo, na sitakitaja jina. Mahafali yalifanyiwa uwanja wa voliboli. Masta wa biashara walikuwa thelathini na mmoja, niliwahesabu mara mbili nikingoja dada afikiwe. Na enyewe kuna raha ya chuo kidogo. Kila mtu aliitwa kwa jina lake, na kila jina likipita kuna ukoo mzima unaruka huko nyuma na vigelegele. Kwa vyuo vikubwa mnasimama watu mia tano kwa pamoja, mnasomewa maneno mara moja, mnaketi, imeisha. Nje ya geti ilikuwa ile biashara yetu ya kawaida: mashada ya karatasi zinazometameta, maua ya plastiki, wapiga picha wanaokukimbiza na picha yako ikiwa tayari imetoka kabla hujakubali kupigwa.

Halafu chansela akasimama akasema yale maneno. Kama umewahi kuenda mahafali yoyote Kenya unayajua: kwamba anawatunuku shahada na kuwapa mamlaka ya kusoma na kufanya yote yanayoambatana nayo. Jamaa mmoja nyuma yangu akamnong'onezea mwenzake, "Kwani hawa wamekuwa wakifanya nini miaka miwili, kama sasa ndio wanapewa ruhusa ya kusoma?"

Nikarudi nyumbani na maswali mawili. Masta wa nani? Na mamlaka ya kusoma nini? Nimekaa nayo karibu mwezi, nimesoma usiku nikipaswa kuwa nalala. Kumbe ni swali moja, na ukifuata jibu lake unatoka uwanja wa voliboli mpaka Italia, unapitia Lamu, na unarudia katikati ya jiji la Nairobi.

Tuanze na kusoma.

Rudi nyuma miaka mia nane hivi, Ulaya. Mashine ya kuchapisha vitabu haijafika huko. Kitabu kinanakiliwa kwa mkono, mara nyingi kwenye ngozi ya mnyama, na bei yake haiwezi kugusika na mwanafunzi. Kwa hivyo darasa lilikuwa hivi: mwalimu anasimama mbele na kitabu, anasoma kwa sauti, anasimama mahali pagumu na kueleza, anaendelea. Nyinyi wengine mnasikiliza na kushika kichwani. Kusoma na kufundisha vilikuwa kitu kimoja. Mpaka leo jina ambalo Waingereza humwita mhadhiri linatoka kwa neno la Kilatini la kusoma. Yaani mhadhiri ni "msomaji".

Sasa yale maneno ya chansela yanaanza kuleta maana. Mtu akipewa mamlaka ya kusoma, hakuwa anaruhusiwa kujifungia chumbani na kitabu. Alikuwa anaruhusiwa kusimama mbele ya watu na kuwafundisha. Ilikuwa leseni ya kazi, vile dereva wa matatu hupata yake. Yule jamaa nyuma yangu alikuwa anacheka kitu cha maana sana bila kujua.

Na leseni ilitoka kwa nani? Hapa ndipo nilipenda hii hadithi kabisa.

Neno universitas, ambalo limezaa jina la chuo kikuu kwa lugha nyingi za Ulaya, halikumaanisha majengo wala maktaba wala geti lenye askari. Lilimaanisha chama. Watu wa kazi moja wakijiunga, wakaweka sheria zao, wakawa na sauti moja mbele ya wakubwa wa mji, hiyo ilikuwa universitas. Mathe angeelewa hapo hapo. Na walimu hawakuwa wa kwanza kuwa na vyama. Wafanyabiashara wa sufi walikuwa navyo. Waokaji mikate, washonaji viatu, wafua dhahabu, wote. Ndani ya hivyo vyama kulikuwa na ngazi. Kijana anaingia chini ya fundi, anafagia, anatumwa, anaiba kazi kwa macho. Miaka inapita. Akiiva anafanyiwa kazi yake ukaguzi na mafundi wakuu, wakiridhika anakubaliwa kuwa mmoja wao. Kuanzia hapo anaweza kufungua duka lake na kuchukua vijana wake wa kufundisha. Huyo fundi mkuu aliitwa masta.

Walimu wa Paris walijipanga kwa njia hiyo hiyo. Wakawa chama, wakawa na ngazi zao, na kukubaliwa na wenzako ndio kulikuwa kupata digrii. Bologna ndiyo ilienda mbali zaidi, juu huko wenye chama walikuwa wanafunzi. Wao ndio walimwajiri mwalimu na kumlipa, na akichelewa kuingia darasani ama akiruka sehemu ya somo, wanamtoza faini. Sitasema zaidi kuhusu hilo, kuna mhadhiri wangu mmoja husoma hizi posti.

Kwa hivyo hebu angalia vile mambo yamekaa. Jina "masta", ambalo dada yangu amelipia, halikuwa la darasani peke yake. Lilikuwa pia jina la dukani na la karakana. Linakaa vizuri zaidi kwa yule mzee wa Gikomba anayeunda masanduku ya bati akiwa na vijana wanne chini yake.

Kuna kitu kingine tumesahau. Masta mpya wa Paris ama Oxford hakuruhusiwa kuchukua heshima yake na kupotelea mjini. Alifungwa na sheria abaki afundishe kwa muda fulani, mara nyingi mwaka mmoja ama miwili. Ilikuwa deni. Wewe umesomewa, sasa wasomee wengine. Ukiniuliza, hiyo ndiyo sehemu ambayo ingebaki na wakatuachia ile kofia.

Kofia yenyewe, kwa wale hamjui, Waingereza huiita kwa jina la ule ubao ambao fundi wa mjengo hushikilia ukiwa na simiti akipiga plasta. Umbo ni lile lile. Hata hapo juu kichwani ni fundi. Na joho lilitoka kwa nguo za makasisi, juu wasomi wengi wa wakati huo walihesabiwa kuwa watu wa kanisa, na majengo ya mawe ya Ulaya yalikuwa baridi kali. Sisi tunalivaa na jua la saa saba. Sawa.

Lakini tusidhani hii ni hadithi ya Wazungu peke yao, tukae kando tupige makofi. Kwa elimu ya Kiislamu kuna kitu kinaitwa ijaza, na watu wa Pwani wanaijua vizuri sana. Mwanafunzi anakisoma kitabu mbele ya sheikh, neno kwa neno, sheikh anasahihisha, na akiridhika anampa idhini ya kukifundisha. Kumbuka hiyo idhini haitoki kwa jengo. Inatoka kwa mtu, na ndani yake unaweza kukuta jina la mwalimu wa mwalimu wake, na aliyemfundisha huyo, mnyororo unarudi nyuma vizazi na vizazi. Lamu, Msikiti wa Riyadha ambao chanzo chake ni Habib Swaleh umekuwa ukivuta wanafunzi kutoka pande zote za Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka mia moja. Wakati Nairobi ilikuwa kinamasi na kituo cha reli, Lamu watu walikuwa wanapewa mamlaka ya kusoma.

Na neno joho lenyewe ni la Pwani kabla liwe la chuo. (Hapana, siongelei yule mwanasiasa.) Joho lilikuwa vazi refu la kitambaa cha sufi, lililo wazi mbele, limetiwa nakshi pembeni, linavaliwa juu ya kanzu. Halikuwa la kila mtu. Liwali alivaa, kadhi alivaa, na tajiri alivaa. Ukipita Mji Mkongwe Mombasa ama Zanzibar enzi za masultani, joho likikuja mbele yako unapisha njia.

Mwone Tippu Tip kwenye zile picha zake za zamani, amevaa namna hiyo. Huyo alikuwa mfanyabiashara hasa. Alijua njia mpaka ndani ya Kongo, alijua bei ya pembe za ndovu, na alijua kukopa: misafara yake ilipewa mtaji na matajiri wa Zanzibar kama Taria Topan, Mhindi ambaye alitoa bidhaa kwa mkopo na kungoja miaka pembe zirudi. Fikiria hiyo hesabu. Unampa mtu mali leo, anatembea bara zima, hakuna simu, na lazima uwe umeshapiga bei ya hatari ya yeye kutorudi. Hakuna mmoja wao alikaa darasa la fedha. Tippu Tip alifariki 1905 Zanzibar, na aliacha maisha yake yakiwa yameandikwa kwa Kiswahili, kwa hivyo unaweza kumsoma mwenyewe akijisifu.

Na usome ukiwa macho. Hiyo mali ilibebwa kwa mabega ya watu, na wengine wao waliuzwa pamoja nayo. Kuna posti nyingi huku mtandaoni zinamfanya Tippu Tip "mjasiriamali wa kwanza". Mimi siwezi. Alijua biashara, ndiyo. Wale waliofungwa minyororo nyuma ya msafara nao walijua anajua biashara.

Basi joho la msomi na joho la tajiri yalikuwa mavazi mawili, ya watu wawili. Yalikuja kushonwa pamoja lini?

Marekani, na si zamani sana. Mwaka 1881 tajiri wa chuma na nikeli anayeitwa Joseph Wharton alitoa dola 100,000 kwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania ili biashara ifundishwe kama somo la chuo, lakini hiyo ilikuwa digrii ya kwanza tu. Masta ilikuja 1900, na sikiliza mahali ilianzia. Haikuwa Harvard. Ilikuwa Dartmouth, chuo kidogo kwa mji mdogo wa Hanover, jimbo la New Hampshire, mahali penye misitu na theluji. Rais wa chuo, William Jewett Tucker, alikuwa na rafiki aliyelala naye chumba kimoja walipokuwa wanafunzi hapo hapo. Rafiki alikuwa Edward Tuck, ambaye alitajirika kwa benki na alikuwa akiishi Paris. Tuck akatoa hisa za kampuni ya reli, Great Northern, thamani yake dola 300,000, shule ipewe jina la babake, Amos Tuck.

Kwa hivyo mtaji wa masta wa kwanza wa biashara ulitoka kwa reli, na reli ndiyo ilileta hitaji lenyewe. Kabla ya hapo, duka ni la babako, unalijua tangu utoto. Lakini reli ilikuwa na maelfu ya wafanyakazi, hisa zake zinamilikiwa na watu ambao hawajawahi kuiona, na lazima kuna mtu katikati wa kuiendesha ambaye si mwenyewe na si mfanyakazi wa kawaida. Meneja. Huyo hakuwa na babake wa kumfundisha. Ndiyo maana wakasema afundishwe chuoni.

Digrii yao haikuitwa MBA, iliitwa masta ya sayansi ya biashara. Na darasa la kwanza lilikuwa dogo hivi kwamba ungewaweka wote ndani ya matatu ya abiria kumi na wanne na bado makanga angekuwa anaita watu. Hilo lilinifurahisha sana nikikumbuka wale thelathini na mmoja wetu uwanjani. Watu hudharau chuo kidogo ati si chuo cha maana. Hii kitu yote ilianzia chuo kidogo, na darasa lake lilikuwa dogo kuliko la dada yangu.

Harvard walifuata 1908, na wao ndio waliiita MBA. Walianza na wanafunzi 80, na kati yao 33 peke yao ndio walikuwa wa masomo kamili. Wanawake hawakuingia kozi hiyo ya miaka miwili tangu mwanzo mpaka 1963, mwaka wetu wa uhuru, wakiwa wanane. Hiyo ni zaidi ya miaka hamsini ya kufundisha uongozi wa biashara bila mwanamke hata mmoja kwenye kozi hiyo kamili, na wakati wote huo, soko lolote la Afrika ungeingia ungekuta nani ameketi nyuma ya bidhaa?

Wasomi wa zamani hawakuwapokea hawa wageni vizuri. Kwa utaratibu wa mavazi wa vyuo vya Marekani kila somo lina rangi yake. Tiba wana kijani, sheria zambarau, na biashara wakapewa kahawia iliyopauka, ile rangi ya vumbi la barabara ya mashambani. Na Oxford, mwaka 1996 kabisa, wahadhiri walikusanyika wakapiga kura kukataa mpango wa kujenga shule ya biashara kwenye uwanja mmoja wao wa michezo, ingawa tajiri Wafic Saïd alikuwa ameahidi pauni milioni 20. Mwishowe ilijengwa kwingine, karibu na stesheni ya treni. Nimesoma watu wakisema walikataa kwa sababu ya nyasi za uwanja. Labda. Mimi naona pia kulikuwa na ile pua ya juu ya mtu anayesema biashara si elimu, huku chama chake kimejengwa kwa mfano wa wauza sufi.

Sasa turudi nyumbani.

Ukiingia Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi kuu, kuna sanamu ya Gandhi. Wengi hupita hapo wakidhani ni urafiki wa serikali mbili tu. Siyo. Gandhi alipouawa 1948, Wahindi wa Afrika Mashariki walianza kuchanga pesa za kujenga chuo kwa kumbukumbu yake. Wengi wa hao wachangaji walikuwa wenye maduka, wale wa mchele, nguo, mafuta ya taa na misumari. Wakati huo huo serikali ya kikoloni ilikuwa inapanga chuo chake cha ufundi Nairobi, kilichopewa hati 1951. Mwaka 1954 mipango miwili ikaunganishwa, pesa za wenye maduka zikaingia, na 1956 wanafunzi wa kwanza wakafika. Binti wa mfalme wa Uingereza, Margaret, alikuja kukifungua rasmi Oktoba mwaka huo. Chuo hicho ndicho kilikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970, na Jomo Kenyatta akawa chansela wa kwanza.

Kwa hivyo chuo chetu cha kwanza, kwa sehemu kubwa, ni harambee ya watu wa duka. Watu ambao wengi wao hawakuwa na digrii hata ya kuonja walilipia mahali pa digrii.

Mfanyabiashara Mwafrika naye alikuwa wapi kwa hiyo picha? Alikuwa amebanwa. Sheria za kikoloni ziliweka mpaka kwa mikopo ya Waafrika: ukimkopesha Mwafrika zaidi ya shilingi 200, mahakama haingekusaidia kudai kwa njia ya kawaida. Walisema ni kumlinda asilaghaiwe. Matokeo ni kwamba hakuna aliyemkopesha, na bila mkopo duka haliwezi kukua. Taria Topan aliweza kumpa Tippu Tip mtaji wa msafara mzima. Nyanyangu hangeweza kupewa gunia kumi za mahindi. Nikisikia mtu akisema "sisi Waafrika hatuna historia ya biashara kubwa", huwa nataka kumwonyesha hiyo sheria.

Baada ya uhuru joho likawa kitu cha serikali. Kenyatta alikuwa chansela, Moi akamfuata na akawa chansela wa kila chuo cha umma nchini, yeye mwenyewe ndiye anatoa shahada, mpaka Kibaki alipoacha huo utaratibu na kuteua machansela wengine 2003. Wazazi wetu wakikuambia walifuzu mbele ya Rais hawadanganyi. Masta ilikuwa ya wachache sana, unaenda ukiwa umetumwa ama umefadhiliwa.

Kilichobadilisha kila kitu ni 1998. Nairobi ikaanzisha masomo ya kujilipia, yale ya sambamba, na vyuo vingine vikafuata. Ghafla unaweza kufanya kazi mchana na kuingia darasani jioni, bora uwe na doo. Vyuo vya kibinafsi vikaongezeka, kampasi zikafunguliwa juu ya benki na supamaketi, na digrii iliyouzika kuliko zote ilikuwa ile haihitaji maabara wala maiti ya kupasua wala mashine. Inahitaji ubao, viti na mwalimu. MBA. Sisemi ni mbaya. Nasema chuo nacho kilikuwa kinafanya biashara, na mathe ndiye alikuwa mteja.

Hapo ndipo naona tulikosea njia, na sitaficha. Masta wa zamani alipewa joho akiwa na deni la kufundisha. Masta wa leo anapewa joho na mtu mwingine ndiye anabaki na deni, kila Ijumaa. Na huyo mtu mwingine mara nyingi ndiye angeweza kufundisha hiyo darasa nusu ya silabasi: jinsi ya kukisia beli kwa uzito na kwa jina la nchi lilikotoka, nani apewe mali kwa deni na nani atapotea nayo, lini upunguze bei na lini ukaze uso.

Dada yangu, nitasema ukweli juu amenipa ruhusa, tangu mahafali hakuwa amekanyaga soko. Alikuwa anatuma barua za kazi. Sita, kumi, ishirini. Jumamosi mathe akitoka na mzigo yeye yuko kwa simu. Siku moja aliniambia kwa sauti ya chini, "Wakiniona hapo watasema ndiyo masta hiyo." Na namwelewa. Mtaa mzima ulichangia gari ya mahafali. Ukirudi ukae kwa kibanda ni kama umewarudishia mchango wao umekunjwa.

Wiki iliyopita tukila chakula cha jioni nikawaeleza hii hadithi yote, ya Bologna na faini, ya ijaza, ya kwamba kusoma kulikuwa kufundisha. Nilikuwa najifurahisha tu, nikitafuta maneno ya hii posti. Dada akasikiliza bila kusema kitu. Mathe akanawa mikono, akaenda chumbani, akarudi na daftari lake la mauzo, lile la jalada gumu lililofungwa na mpira. Miaka kumi na tisa hakuna mtu wa hii nyumba ameliona ndani. Akaliweka mbele ya dada.

"Wamekupa mamlaka," akasema. "Nisomee."

Dada akafungua. Mwandiko wa mathe ni mdogo na umelala upande mmoja. Kila beli lina mstari wake: tarehe, aina, alinunua pesa ngapi, na upande wa kulia, likishafunguliwa, lilitoa nini. Beli la watoto. Beli la sweta. Beli la mapazia, hilo lilimpiga hasara na ameandika neno ambalo siwezi kuweka hapa. Dada alikuwa anasoma kwa sauti, mwanzo kama mtu anayesoma hotuba, halafu pole pole akaanza kuuliza. Kwa nini Aprili sweta zinashuka kabla baridi ianze? Huyu wa mali ya deni amelipa mara ngapi? Mathe anajibu, dada anaandika pembeni na penseli. Mimi nikatoa sahani.

Niliporudi walikuwa wamefika miaka miwili iliyopita, na dada alikuwa amenyamaza. Nikachungulia juu ya bega lake. Kati ya beli la jeans na beli la shuka kulikuwa na mstari umeandikwa "beli la masta", na pesa ya semesta ya kwanza. Mwezi wa tano tena, "beli la masta". Na tena. Upande wa kulia, pale huandikwa lilitoa nini, hakukuwa na kitu.

"Na haya?" dada akauliza.

"Hayo hayajafunguliwa," mathe akasema, akamsogezea taa karibu. "Endelea, umefika wapi?"